Kuanguka Mirihi

Aliyeanza kusema kwamba mtoto ana kasoro ni shangazi yake, na shangazi huyo hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja akaridhika. Alilisema jikoni, akalisema tena mlangoni akitafuta viatu vyake, na kesho yake akampigia kaka yake simu kulirudia, kaka mwenyewe akiwa kazini na mteja amenyolewa nusu kichwa.

"Mtoto anaua mtu," alisema. "Nimekaa nyuma yake nikaona kwa macho yangu. Anampandisha kwenye jabali, anamtupa chini. Anampandisha tena, anamtupa tena. Huo ni mchezo gani?"

Kaka mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi, na hata mkewe alimwita hivyo alipotaka kumchokoza, alijibu kwamba hilo ni gemu tu, dada, hakuna anayekufa. Akakata simu, akamaliza kichwa cha watu. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia, na siku nzima ile alichonga ndevu za wateja huku akili haipo.

Gemu lenyewe halikuwa geni kwa mtu. Kama kuna nyumba ambayo halikuingia mwaka ule, basi nyumba hiyo haikuwa na umeme. Unashushwa kwenye sayari ya Mirihi, peke yako, mtungi wa hewa mgongoni, gari la magurudumu sita pembeni, na kazi yako ni moja: tafuta maji. Basi. Hakuna bunduki, hakuna adui, hakuna wa kumkimbiza wala wa kukukimbiza. Ungedhani watu wangelichoka kabla chai haijapoa. Badala yake wanaume wazima, ambao hata mto wa mji wao hawajawahi kuuvuka, walikaa kwenye benchi la Kinyozi wakibishania mabonde ya Mirihi kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Huyu amekuta barafu chini ya mchanga, yule anasema hiyo si barafu, ni chumvi, acha kutudanganya. Fundi viatu wa jirani, ambaye mkewe alikuwa hajui amwite kula au amwache huko huko, alisema siku moja kwamba kule anapumzika. Akaulizwa anapumzika nini mahali ambapo hata hewa ya kuvuta hakuna. Akafikiri kidogo, akasema kule hakuna mtu wa kumuuliza kiatu changu kimefikia wapi.

Na wakajua mambo, tena ya kweli. Walijua kwamba kule jua likizama mbingu inakuwa ya samawati, kwamba vumbi likichachamaa hufunika sayari nzima, kwamba mpaka leo hakuna mwanadamu aliyekanyaga kule ila mashine tu, na kwamba mashine hizo huenda polepole kuliko mtoto anayetambaa. Walijua pia kwamba mtu akiwa Mirihi uzito wake hupungua sana, kwa hiyo akianguka haanguki kama sisi. Anashuka taratibu, anapata muda wa kujiangalia anavyoanguka.

Kinyozi aliyasikia yote hayo akiwa amewapa mgongo, hakuchangia. Wateja walijua kwa nini. Mazungumzo yakikaribia habari ya sauti, mmoja wao alikohoa na wote wakarukia mpira.

Maana gemu lile lina sauti. Kuna mwanamke aliyeko kambini, haonekani, anayekuambia hewa imebaki kidogo, dhoruba inakuja, geuka kushoto ufuate bonde. Na katika toleo la Kiswahili, mwanamke huyo alikuwa mke wa Kinyozi.

Yeye alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Si wa redio, hapana, wa kituo: kachumba ka kioo juu ya ofisi ya tiketi, kipaza sauti kimoja, na spika zilizofungwa kwenye kila nguzo. Miaka na miaka yeye ndiye aliyewaambia watu basi lao linaondoka, mzigo wao umesahaulika, mtoto wa shati la njano anamtafuta mama yake. Watu wakamwita Mama Spika na yeye akalipenda jina. Nyumbani alizungumza vile vile, kutoka chumba kimoja hadi kingine, hamalizi. Binti yao wa pekee alitoka kimya, mdogo wa umbo, mwenye maneno ya kuhesabika, na mama ndiye aliyembandika jina la Nukta. Alisema mimi ndiye sentensi, huyu ndiye anayenifunga.

Vijana wa studio waliokuwa wanalitia gemu Kiswahili walimsikia wakiwa wanasubiri basi. Wakapanda hadi kwenye kachumba kale kumwomba. Akachukua likizo yake, akawa anakwenda kila asubuhi kusoma maneno ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro, na jioni akirudi alisema, "Jamani nimechoka, leo nimetoka Mirihi." Kinyozi alimuuliza kama huko kuna watu wenye nywele. Akajibiwa kwamba nywele zipo ila vinyozi wa huko wana adabu.

Gemu lilikuwa bado halijatoka Mama Spika alipoanza kulalamika tumbo. Walidhani vidonda. Havikuwa vidonda, na lilipokuja kujulikana ni nini, madaktari walizungumza na Kinyozi kwa sauti ya chini, pembeni, na yeye akaelewa kabla hawajamaliza. Mama Spika alizikwa msimu wa baridi. Gemu lilipotoka, wale vijana wa studio walikuja nyumbani wakiwa wamevaa nguo za heshima, wakaleta mashine na gemu ndani ya boksi, zawadi ya familia, wakakaa kwenye kochi bila kujua mikono yao waiweke wapi.

Kinyozi alilifunga kwenye runinga mwenyewe, akakaa na mtoto. Runinga ikawa nyekundu, vumbi likatulia, na sauti ikasema, "Karibu Mirihi, msafiri. Mimi niko kambini, ninakuona." Alisimama kama aliyekalia kaa la moto. Alitoka uani akashika kamba ya nguo, akabaki ameishika. Kesho yake alinunua hedifoni, akamwambia mtoto ni kwa ajili ya majirani. Tangu hapo sauti ya mkewe ilikuwa ndani ya nyumba yake, hatua chache kutoka kiti chake, na yeye hakuisikia. Aliona ndiyo salama. Hata kituo cha mabasi alikuwa akikizunguka kwa nyuma, kwa sababu mle kwenye spika sasa alikuwa anazungumza mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakuwa na kosa lolote, lakini Kinyozi alimchukia.

Sasa Nukta. Kwenye msiba hakulia. Baada ya msiba hakulia. Alirudi shule, akala alichopakuliwa, akavaa soksi zake mwenyewe. Watu walimsifu, wakasema mtoto ana moyo. Alipotoka shule alivaa hedifoni akashuka Mirihi, na hapo ndipo sifa zilipoishia, kwa sababu alikuwa mchezaji mbovu kuliko wote waliowahi kushika pedi ya kuchezea. Binamu zake, watoto wa shangazi, walikuwa wameshavuka mabonde mawili wakafika kwenye barafu. Nukta alikuwa hajatoka kambini. Pale kando ya kambi kuna jabali moja, si la maana, limewekwa hapo kupamba tu. Huko ndiko alikopanda na kuanguka. Binamu walimcheka wakasema mama yake anaongoza watu wote Mirihi, yeye hata mlango wa kambi haujui. Nukta alirudi kwenye jabali lake.

Mwalimu naye aliita. Alisema kwa upole kwamba mtoto hana tatizo la masomo ila amekuwa mbali, na kwenye daftari la kuchora, watoto walipoambiwa wachore familia, yeye alichora mtu anaanguka. Kinyozi aliitazama picha ile. Mtu mwenye kofia kubwa ya duara, miguu juu, na chini yake hakuna ardhi. Akaikunja akaitia mfukoni, na njiani akampigia dada yake simu.

Tusimlaumu shangazi kupita kiasi. Alikuwa mtu wa mdomo, lakini ndiye aliyekuja kupika wiki zile ambazo Kinyozi hakuweza kuwasha jiko. Shangazi alisema gemu linatoka humo ndani, Jumamosi atakuja kulichukua mwenyewe, watoto wake watakaa nalo mpaka huyu akili zimrudie. Kinyozi alikubali. Hakukubali kwa sababu aliona ni sawa. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mengi.

Alimwambia mtoto wakiwa mezani. Nukta aliuliza swali moja tu, kama ataruhusiwa kwenda kulicheza kwa shangazi. Baba akasema si kwa sasa. Mtoto akaendelea kula. Kinyozi angefurahi kama angerusha kijiko, angegoma, angepiga kelele, maana hapo angejua pa kumshika. Siku zilizobaki Nukta alikaa mbele ya runinga kama mtu anayejaza ndoo kabla maji hayajakatwa, na baba yake alipita nyuma ya kochi akitazama pembeni.

Jumamosi alifunga kazi mapema ili afungue zile nyaya mwenyewe. Dada yake angezing'oa tu. Alimkuta mtoto anacheza, na kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, alisimama nyuma yake akatazama.

Kitu cha kwanza alichokiona kilimshangaza. Mtoto hakuwa mbovu hata kidogo. Lile jabali lilikuwa limenyooka kama ukuta, na Nukta alimpandisha yule msafiri kwa vidole vyepesi, anatafuta ufa, anasubiri upepo utulie, anahamisha mguu. Wale binamu na kelele zao zote wasingefika hata nusu. Alipofika juu alimsimamisha ukingoni. Kule mbali mabonde yalikuwa yamelala, mekundu, hayana mwisho, na jua dogo lilikuwa linazama kwa ile rangi ya samawati ambayo wateja waliisema sana. Kinyozi alielewa hapo kwa nini fundi viatu hasikii akiitwa kula. Ni mahali ambapo hakuna lolote lililowahi kukutokea.

Nukta akamtembeza yule msafiri hatua moja mbele, pasipo na kitu.

Akaanguka taratibu, vile wanavyoanguka kule, mikono imetanuka. Akagonga chini, vumbi likaruka likachelewa kushuka. Mtoto aliacha pedi kwenye mapaja akatulia, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu mzima:

"Nimeshapoa."

Kinyozi alimwita. Hedifoni zilimziba, hakusikia, na msafiri alikuwa ameshaanza kupanda tena. Baba akazunguka kochi ili amguse bega, mguu wake ukanasa kwenye waya wa hedifoni, na waya ukachomoka. Nukta alishtuka. Kidole kikateleza, na yule mtu wa kwenye runinga, aliyekuwa bado hajafika mbali, akaachia jabali na kuanguka chali. Safari hii sauti ilijaa chumba kizima.

"Eh, pole." Kimya kidogo. "Kagua vazi lako, msafiri."

Yale maneno ya mwisho yalikuwa ya Mama Spika wa kituoni, yamenyooka, kila herufi mahali pake. Lakini lile la kwanza halikuwa la kituoni. Lilikuwa la jikoni, la mlangoni, la mtu anayeinua macho kutoka kwenye kazi yake kwa sababu mwenzake ameumia. Kinyozi alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya sakafu.

Alijua neno lile lilikotoka. Mkewe alimsimulia siku yenyewe, anacheka mpaka anajishika mbavu. Alikuwa katikati ya kusoma, maikrofoni imewashwa, na kijana mmoja wa mitambo akajigonga goti kwenye kona ya meza. Mama Spika akasema eh, pole, kisha akaendelea na mstari wake bila hata kujua amesema. Vijana walipousikiliza wakaupenda, wakauacha mahali ambapo msafiri anaanguka. Wenye gemu, huko ng'ambo, wakauliza hilo neno ni la nini. Wakaambiwa maana yake kwa lugha yao, ambako pole na samahani ni neno moja, wakaingiwa na wasiwasi: kwani yule mwanamke wa kambini ndiye aliyemsukuma? Kwao mtu haombi radhi kwa kosa asilolifanya. Vijana ikabidi wakae waandike maelezo marefu kwamba hapana, hajamsukuma mtu, kwetu sisi ukimwona mwenzako amejikwaa unampa pole, hata kama humjui, hata kama jiwe si lako. Wakakubaliwa. Mama Spika alisema hiyo ndiyo kazi kubwa aliyowahi kufanya maishani, kumpa pole mtu aliyeko Mirihi.

Kinyozi alikuwa ameisahau habari ile. Katika yote aliyojitahidi kuyakumbuka ya mkewe, hiyo ilimponyoka.

"Ndiyo maana unamwangusha," alisema.

Nukta alikuwa anaushika ule waya, hajui aurudishe au asiurudishe. "Yale mengine anasoma, baba," alisema. "Hili hasomi."

Shangazi aliingia wakiwa bado sakafuni. Alikuja na mfuko mkubwa wa kubebea, akauliza kama wameshalifungua au mpaka yeye. Kinyozi alimwambia halitoki. Dada mtu akaweka mfuko chini na kuanza, na akianza ameanza. Alisema mtoto atapona lini kama anakalishwa na sauti ya marehemu kutwa nzima. Alisema watu hufiwa, si wao wa kwanza. Alimwambia kaka yake ajitazame yeye mwenyewe, mji mzima ulikuja kumpa pole, akajikaza kiume, akarudi kazini, na mtoto naye ajikaze hivyo hivyo.

"Mimi hakuna aliyenipa," Nukta alisema.

Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anarekebisha tu jambo ambalo shangazi amelikosea. Wote wawili walimgeukia, na yeye akaona wanangoja, akaendelea. "Watu walimpa pole baba. Halafu wakampa shangazi. Mimi waliniambia nikacheze."

Shangazi aliusukuma mfuko wake kando kwa mguu. Alikaa kwenye mkono wa kochi.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Kinyozi aliuona mstari ule wa watu kama unapita tena mbele yake, mkono baada ya mkono, majirani, wateja, madereva wa kituoni na kofia zao mkononi, wote wanamshika yeye, wanamwambia yeye, na mikono yao ikipita juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa amesimama pembeni na sinia la vikombe. Wengine walimpapasa nywele. Mtu mmoja alimpa peremende. Kila mtu alifikiri neno lile ni la wakubwa, au labda mwenzake ameshamwambia. Na yeye baba, aliyetakiwa kuwa wa kwanza, alimwambia nini? Alimwambia usilie. Mtoto akasikia, akatii, akaenda kucheza kama alivyoambiwa, na huko alikokwenda akamkuta mtu mmoja wa kumpa pole, na ili apewe ilibidi kwanza aanguke.

Kinyozi alimsogelea kwa magoti, akamshika mikono yote miwili. Neno jepesi kabisa. Mtu humtupia mpita njia aliyejikwaa, bila hata kusimama.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."

Akangoja. Alijua jibu, kila mtu analijua, ni adabu tu ya kumpumzisha aliyekupa pole asibaki amesimama na huzuni yako mkononi. Yeye mwenyewe alilitoa kwenye msiba mpaka likakosa ladha: nimeshapoa, nimeshapoa, ahsanteni, nimeshapoa. Hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Na huyu mtoto alilijua vizuri, alikuwa ametoka kulisema muda huu huu kwa runinga.

Nukta alimtazama baba yake usoni. Midomo ikajikunja, ikajaribu, ikakataa.

"Bado, baba," alisema, na machozi yakaanza. "Sijapoa."

Kinyozi alimvuta kifuani, mtoto mzima na hedifoni zake na waya wake.

"Hata mimi, mama," alisema. "Hata mimi sijapoa."